Hamu ya Hoteli za Zamani: Twatamani Nini?

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake wote.

Amma baad. Kuna hamu moja iliyoenea siku hizi, nayo ni hamu ya zile hoteli kubwa kubwa zilizojengwa katika enzi za ukoloni. Hamu hii haikuwashika wajukuu wa wale waliokuwa wakizimiliki peke yao. Imewashika watoto wetu pia. Utamwona kijana wa Kiislamu, mzaliwa wa Mombasa au wa Unguja, akidunduliza fedha miezi na miezi ili siku ya arusi yake apigwe picha kwenye ngazi za hoteli ya namna hiyo, chini ya pangaboi la mbao, na nyuma yake amesimama mtumishi aliyevaa kanzu nyeupe, mahazamu mekundu na tarbushi. Nilimuuliza mmoja wao, ambaye nilimsomesha juzuu yake ya kwanza: "Mwanangu, hapa pana nini ambacho kwenu hakuna?" Akanijibu kwa adabu: "Sheikh, hapa pana uzamani. Zamani watu walikuwa wastaarabu."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. "Watu" hao ni watu gani? Kwani katika jumba lile walikuwamo waliokaa, na walikuwamo waliosimama nyuma ya viti vyao. Kijana wangu alipokuwa akisema "watu" aliwakusudia waliokaa, hali ya kuwa babu yake alikuwa miongoni mwa waliosimama. Basi ndugu msomaji, hebu tulitazame jambo hili kwa uadilifu, bila ya chuki na bila ya ushabiki.

Tuanze na haki yao. Majumba haya ni mazuri, na mwenye macho hawezi kukana. Kuna Pera Palace ya Istanbul, iliyojengwa kwa ajili ya abiria wa treni kutoka Ulaya. Kuna Raffles ya Singapore, iliyoanzishwa mwaka 1887 na ndugu wa Kiarmeni wa ukoo wa Sarkies. Kuna Cataract ya Aswan ya mwaka 1899, imesimama juu ya majabali ikiutazama mto Nili, na Winter Palace ya Luxor ya mwaka 1907. Kuna Taj Mahal ya Bombay ya mwaka 1903, na kwetu Afrika ya Mashariki kuna Norfolk ya Nairobi, iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1904. Kuta zake nene, dari zake ndefu, mabaraza mapana yanayopokea upepo, bustani zilizokatwa kwa mpango. Mtu aliyezoea kelele za magari na nyumba za saruji zilizobanana akiingia humo huhisi kama kwamba saa imepunguza mwendo. Raha hiyo ni ya kweli, na sitamlaumu mtu kwa kuihisi.

Lakini majengo haya hayakuota kama uyoga. Yalifuata njia za meli na za reli, na meli na reli zilifuata utawala. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na baada yake safari ya kutoka Uingereza kwenda Bara Hindi ikawa fupi. Basi kila mahali palipotua maafisa na wafanya biashara pakahitajiwa kitanda, maji ya moto na chakula cha kwao. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na miaka mitano tu baadaye hoteli ya fahari ilikuwa imekwisha simama. Kampuni ya Thomas Cook, iliyokuwa ikiwapeleka watalii kutazama mahekalu ya Misri kwa mashua za Nili, mwaka 1884 ndiyo iliyopewa kazi ya kulipandisha jeshi la Waingereza kuelekea Sudan. Aliyepeleka wageni ndiye aliyepeleka askari, na kwa mto ule ule. Hiyo ni ibra ya kutosha kwa mwenye kuzingatia: hoteli na kambi zilikuwa ni jirani, na aghlabu funguo zake zilikuwa katika mkono mmoja.

Katika Cairo palikuwapo hoteli ya Shepheard, iliyoanzishwa mwaka 1841 na Mwingereza wa jina hilo. Baraza yake ilikuwa mashuhuri duniani. Maafisa na watalii walikaa pale wakinywa chai na visivyokuwa chai, wakiwatazama Wamisri wakipita barabarani kama mtu anavyotazama tamasha. Tarehe 25 Januari 1952, katika mji wa Ismailia, jeshi la Waingereza liliwaua askari polisi wa Kimisri wapatao 50. Siku ya pili yake watu wa Cairo walitoka kwa ghadhabu, na moto uliowashwa siku ile uliiteketeza Shepheard pamoja na mamia ya majengo mengine. Haikupita miezi sita, mfalme mwenyewe akapinduliwa. Mimi siusifu moto ule. Ndani yake walikufa watu, na Uislamu haukuhalalisha kuteketeza roho na mali kwa hasira. Lakini nawauliza wanaoililia baraza ile: je, wale waliokuwa wakipita chini yake kila siku kwa miaka mia moja, hawakuwa na macho ya kuona wanatazamwa?

Wala tusiende mbali. Mwezi wa Machi mwaka 1922, Harry Thuku alikamatwa Nairobi kwa sababu ya kupinga kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Tarehe 16 ya mwezi huo watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kutaka aachiliwe, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke shujaa, Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatia wanaume ari. Polisi wakafyatua risasi. Waandishi wa historia wamesimulia kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk, hatua chache kutoka hapo, nao waliingia katika kupiga risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa ni watu 21 waliokufa. Wengine walihesabu zaidi ya hao. Ile ndiyo baraza. Leo hupigwa picha nzuri sana, na walio wengi katika wanaopiga picha hawana habari.

Ukoloni pia ulikuwa na mlango wake. Hoteli nyingi kubwa za Kenya, hata kuingia miaka ya 1950, hazikumpokea asiyekuwa Mzungu kuwa ni mgeni wake. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na sinia. Mhindi na Mwarabu, hata akiwa tajiri wa kulinunua jumba zima, hakupewa chumba. Jambo hili lilifika hadi mwaka 1946 watu wachache wa rangi mbalimbali waliunda United Kenya Club mjini Nairobi, kwa kuwa ilikuwa ni taabu kupata mahali ambapo Mwafrika, Mwasia na Mzungu wangeweza kula pamoja katika meza moja. Fikiri, ndugu yangu: kula pamoja, jambo ambalo kwetu hata maskini hulifanya kila siku juu ya jamvi, lilihitaji kuundiwa chama! Na kule Zanzibar, lile jumba la Shangani ambalo baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 liliitwa Africa House, lilikuwa kabla ya hapo ni klabu ya Waingereza, na wenyeji wa mji waliingia humo kwa kutumika.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifanya kazi katika hoteli mojawapo ya pwani yetu tangu mwaka 1949 hata baada ya uhuru. Sitaitaja jina, kwani makusudio yangu si kuwaaibisha walioirithi. Alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, mwenye haiba, na alikuwa hafidhi wa sura nyingi. Alipoingia kazini alipewa kanzu, mahazamu na tarbushi, akaambiwa hiyo ndiyo sare ya meza. Watoto wa leo huona mavazi yale ni heshima iliyofanyiwa utamaduni wetu. Mjomba hakuona hivyo. Alikuwa akisema kwamba kanzu ya kuendea msikitini alikuwa nayo nyumbani, na ile ya hoteli alikuwa akiivulia kule kule. Hakutaka watoto wake waione, wasije wakadhani kwamba ni kitu kimoja. Vazi ambalo kwetu ni la ibada na la taadhima lilikuwa limefanywa alama ya kujulikana nani wa kuagizwa.

Na hakuwa akiitwa kwa jina lake. Meneja wa kwanza aliona jina alilopewa na baba yake ni gumu kutamka, akampa jingine jepesi, na kwa jina hilo aliitwa miaka yote. Alipoacha kazi aliandikiwa barua ya sifa, yenye maneno mazuri kabisa: kwamba ni mwaminifu, msafi, hajaonekana kulewa hata siku moja. Ama hilo la mwisho lilimchekesha. Lakini jina lililoandikwa juu ya barua lilikuwa ni lile la kupewa. Barua ile tunayo hadi leo. Yamsifu mtu ambaye hakuzaliwa na mama yeyote.

Yaliyomwelemea zaidi yalikuwa mawili. Moja ni Sala. Adhuhuri iliingia katika wakati wa chakula cha mchana cha wageni, na Magharibi katika wakati ambao wageni walikaa barazani na vinywaji vyao. Alikuwa akisali katika stoo, baina ya magunia ya viazi na makasha ya mvinyo, kwa kupokezana na wenzake, mmoja akisimama mlangoni kusikiliza kengele. La pili ni kubeba ulevi. Kila alipobeba sinia la pombe alikuwa akikumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) hakumlaani mnywaji peke yake, bali pamoja naye yule mwenye kuibeba na mwenye kubebewa. Mwisho hakuweza. Alikwenda kwa meneja akaomba apelekwe kwenye udobi. Mshahara wa dobi ulikuwa mdogo, bakshishi hapana, na kazi ni ya jua na mvuke. Mama yangu husimulia kwamba mwaka ule watoto wa mjomba hawakushonewa nguo mpya za Idi. Lakini yeye alikuwa akisema usingizi wake umerudi.

Tena, nisifiche, mjomba alikuwa na fahari na kazi yake. Alijua kukunja kitambaa cha meza kikasimama kama tanga la jahazi. Alijua mgeni gani hali mayai na yupi ataka dirisha la kusi. Alitufunza sisi watoto kuweka sinia bila ya kugonga, kumtilia maji mgeni kabla hajaomba, na kwamba nyumba isiyokuwa na taulo safi la mgeni ni nyumba isiyokuwa na haya. Mambo hayo aliyachukua hotelini akatuletea nyumbani, kwani hekima ni kitu alichopotelewa nacho Muumini, popote akiionapo ana haki nayo. Kwa hiyo nikisema kwamba enzi zile zilikuwa na mpango na unadhifu, nasema niliyoyaona kwa mtu wa nyumba yetu. Lakini mpango ule uliushikwa na mikono ya nani? Wageni walikaa. Ustaarabu ule unaosifiwa ulikuwa mikononi mwa akina mjomba.

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo twalitumia kila siku bila ya kulifikiria, nalo ni hili la pangaboi. "Panka" ni upepeo kwa Kihindi. Na "boi" ni mtoto wa kiume kwa Kiingereza, jina walilopewa hata watu wazima wenye ndevu za mvi. Kabla ya umeme, upepo ule uliosifiwa katika majumba hayo ulikuwa ni kitambaa kikubwa kilichotundikwa darini, na mtu aliyekaa nje ya ukuta akivuta kamba mchana kutwa, pengine kwa kuifunga katika kidole cha mguu, ili wa ndani wapate baridi. Umeme ulipokuja yule mtu aliondoka, lakini jina lake likabakia darini linazunguka. Kila mwenye kusema "washa pangaboi" amemtaja yule mvuta kamba bila ya kujua.

Sasa tuipime hali hii kwa mizani yetu. Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, Mwenyezi Mungu amewaweka chini ya mikono yetu; tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, na tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Sayyidna Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume miaka kumi, na hakusikia kwake hata neno la kukereka. Na Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume alikuwa akishona nguo yake na viatu vyake mwenyewe na kuwasaidia watu wa nyumba yake. Yaangalie pia masimulizi ya Nabii Ibrahim (a.s.) na wageni wake, katika Suratul Dhariyat: alinyemelea kwa ahali yake akaleta ndama aliyenona, akawasogezea mwenyewe. Hakupiga kengele. Na yasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Abdulaziz alipokuwa na mgeni usiku taa ikafifia. Mgeni akataka kuinuka kuitengeneza, Khalifa akakataa kumtumikisha mgeni. Akataka kumwamsha mtumishi, Khalifa akasema mwacheni alale. Akainuka mwenyewe, akatia mafuta, akarudi kukaa, na ukhalifa wake haukupungua hata chembe.

Hiyo ndiyo tafauti, ndugu zangu. Katika hoteli ya kikoloni ukubwa wa mtu ulijulikana kwa idadi ya waliosimama nyuma yake. Katika mafunzo yetu ukubwa wa mwenyeji hujulikana kwa kuinuka kwake.

Wala sisi watu wa pwani si wageni wa ukarimu hata tukafunzwe na enzi zile. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi kwamba kila chombo kikitia nanga vijana wa mji hukiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula, na mfanya biashara aliyeshikwa mkono na mwenyeji hushukia kwa mwenyeji wake. Kwa kuwa yeye alikuwa mwanachuoni alishukia mahali pa wanachuoni, akaletewa wali wa samli na mchuzi, kuku na nyama na samaki, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili. Alipofika Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman aliyeitwa Baba wa Vipawa; fakiri mmoja alimwomba nguo alizovaa mwilini, naye akaingia ndani akabadilisha akampa. Na hata leo, nenda Lamu katika Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh. Utaona wageni wa mbali wakilala katika nyumba za watu, hapana bei ubaoni wala daftari la kutia sahihi. Kwa hakika wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini siku mbili zile walizitimiza.

Nikisema hayo nachelea msomaji asije akajinaki akadhani kwamba uovu wote ulikuja na meli za Wazungu. La. Insafu yatutaka tuseme na letu. Yale majumba ya Mji Mkongwe wa Unguja, na ya Mombasa na Lamu, ambayo nasi twayasifu, chokaa yake ilichomwa na matumbawe yake yalibebwa na mikono ya watu, na wengi katika hao walikuwa ni watumwa. Karafuu iliyolipia milango ya nakshi ilichumwa na watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa haikuondolewa kisheria huko mpaka mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Wapo miongoni mwetu waliolia kwa kubaguliwa mlangoni mwa hoteli, na wao majumbani mwao walikuwa na mlango wa nyuma kwa watu fulani, na hadi leo hawaozi binti yao kwa mjukuu wa waliopita mlango huo. Mwenye kutaka kuililia jana na ailie yote, si nusu yake. Qur'ani imetuamrisha tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Haikutuambia tuchague walio wazuri wa sura tu.

Sasa nije kwenye jambo lililo mbele yetu, kwani makala haya si ya historia peke yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Tangu hapo thamani ya nyumba za mawe imepanda, na wanunuzi wamekuja. Nyumba ambayo ndani yake palisomwa khitma na kuozwa mabinti sasa yageuzwa hoteli ya "enzi za zamani". Ukumbi wafanywa mahali pa kulia, na juu ya dari, ambapo zamani wanawake walianika nguo, pafanywa pa kuuzia ulevi hali adhana yasikilizana mita thelathini kutoka hapo. Ukutani hutundikwa picha za maafisa waliovaa kofia za jua.

Mwaka huu mwanafunzi wangu wa zamani alinijia na swala la nyumba ya babu yao. Paa lavuja, boriti mbili zimeoza, warithi ni kumi na wanne, na shangazi yao mzee bado akaa chini. Amekuja mtu mwenye fedha nyingi ataka kuikodi miaka mingi aifanye hoteli, na sharti lake ni kwamba darini atauza ulevi. Wengine katika warithi wataka kukubali, wasema nyumba itaanguka. Na maneno yao si ya kupuuzwa. Sote tuliona tarehe 25 Disemba 2020 namna Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilivyoporomoka upande wake mmoja na kuua watu. Ukuta hauzuiwi na nasaha. Huzuiwa na chokaa, boriti na fundi, na vyote hivyo vyataka fedha.

Nilimjibu hivi, na nayaandika ili na wengine wapate kufaidika.

Kwanza, kabla ya kuulizana nani akodi, iulizwe nani mwenye nyumba. Mirathi ya babu haijagawiwa, na mashangazi wawili hawajapata haki yao tangu miaka arubaini. Kukodisha nyumba juu ya haki za wanawake waliodhulumiwa ni kuweka hoteli juu ya kaburi. Na kama sehemu yoyote ya nyumba ni wakfu, basi hapana wa kuiuza, awe mrithi au nadhiri.

Pili, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawakuhalalisha kumkodisha mtu nyumba kwa kazi ambayo wajua ni ya haramu. Sharti la ulevi likiwa limo katika maagano, kodi yake haifai, hata ikiwa ni mara tatu ya bei ya soko.

Tatu, kuikataa bei hiyo si mwisho wa kazi. Hoteli yenyewe si haramu. Kumlaza msafiri na kumlisha kwa ujira ni kazi ya halali na yenye heshima. Wako Waislamu wengi wanaosafiri na ahali zao, wataka mahali pasipo ulevi, penye kibla na maji ya kutawadhia. Nyumba ile yaweza kutengenezwa chumba kimoja kimoja, kwa fedha za warithi wenyewe, ikapokea wageni wa namna hiyo. Pato litakuwa dogo na litachelewa. Hilo nilimwambia wazi. Jamsetji Tata, mfanya biashara wa Kiparsi, alijenga Taj Mahal wakati hoteli za fahari za Bombay zilikuwa ni za Wazungu, hakukaa kuzisifu wala kuzilaani za wenzake. Alijenga ya kwake.

Nne, atakayeajiriwa humo aitwe kwa jina lake, apewe wakati wa Sala na mahali safi pa kusalia, na asibebeshwe asichokihalalisha Mola wake. Akivishwa kanzu, na mwenye hoteli naye avae kanzu.

Tano, picha zitundikwe, lakini za wote. Wazee waliotumika katika hoteli hizi, wapishi, madobi na topasi, waliobakia ni wachache, na kila mwaka twawazika. Kijana mwenye simu ya kupigia picha ngazi za hoteli aitumie simu hiyo hiyo kurikodi sauti ya mzee wake: ulifanya kazi wapi, ulilipwa nini, uliitwa nani. Huo ndio uzamani. Wala hauna kiingilio.

Mwanafunzi wangu alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, shangazi ataka kujua kama chumba chake kitabaki." Nikamwambia, hilo ndilo liwe sharti la kwanza kuandikwa, kwani yeye ndiye mwenye kujua kila boriti ilitiwa na nani. Hadi naandika haya warithi bado washauriana, na mwenye fedha angoja jibu. Nami namwomba kila asomaye awaombee dua, maana jaribio lililowafika wao leo litatufika wengi wetu kesho.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Warehemu wazee wetu waliosimama nyuma ya viti vya watu ili sisi tupate kukaa tukasoma, na utujaalie tuwe wenye kuinuka mgeni anapokuja. Wabillahi tawfiq.